Lazima Mmoja Aanguke: Historia ya Mchezo wa Roboti Uliosahauliwa

Utangulizi

Wahenga wetu walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1994, mbali sana na mazizi yetu, kundi dogo la Wamarekani lilitoa mchezo wa kompyuta ambao jina lake lakaribia kuwa mkato wa methali hiyo. Mchezo huo uliitwa One Must Fall: 2097. Tukilitia jina hilo katika Kiswahili tutasema: "Lazima mmoja aanguke". Au je, tuseme: "Lazima moja ianguke"?

Swali hili halikutoka kichwani mwangu, nililipata darasani. Niliwapa wanafunzi wangu zoezi la insha, waeleze mchezo wowote wanaoujua, kanuni zake na uwanja wake. Wengi waliandika juu ya mpira. Mmoja, ambaye kaka yake mkubwa ana mazoea ya kutunza vitu vya zamani, aliandika juu ya mchezo huu wa roboti. Katika insha yake palikuwa na sentensi hii: "Roboti anarushwa ukutani na ukuta unampiga." Aliposoma kwa sauti, darasa likagawanyika. Baadhi walidai kwamba roboti ni kitu, kwa hiyo "inarushwa". Wengine walishikilia kwamba chenye kupigana kina roho ya aina yake, kwa hiyo "anarushwa". Wote wawili, wa huku na wa huku, walimcheka kwa kusema kwamba ukuta unapiga. Kengele ililia kabla hatujaamua.

Nilikwenda nyumbani na swali lile, nikaanza kuichunguza historia ya mchezo wenyewe. Nilichokikuta ni kisa kinachotuhusu sisi walimu kuliko nilivyotazamia: kisa cha kazi njema iliyopitwa na sifa, na cha watu wachache waliokataa ife. Katika makala haya nitaeleza kwanza mchezo ulivyozaliwa, pili ulivyochezwa na hasa viwanja vyake vilivyokuwa, tatu sababu za kusahauliwa kwake. Mwishoni nitalirudia lile swali la ngeli.

Neno "roboti" na asili yake

Kabla ya kuingia uwanjani, yafaa tulijue jina la wapiganaji. Neno "roboti" ni geni katika lugha zote isipokuwa chache za Ulaya ya Mashariki. Lilianza kutumika kwa maana ya leo katika tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iitwayo R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuchezwa jukwaani mwaka 1921. Čapek mwenyewe alieleza kwamba neno hilo alipewa na ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji. Shina lake ni neno la Kicheki robota, ambalo maana yake ni kazi ya kulazimishwa, ile waliyofanyishwa wakulima na mabwana wenye ardhi.

Sisi tunalo neno la kale linalosimama mahali pale pale: shokoa. Mtu wa shokoa hafanyi kazi kwa hiari yake. Mkono ni wake lakini amri ni ya mwingine. Basi roboti, kwa asili ya jina lake, ni mtumwa wa shokoa aliyeundwa kiwandani. Na tusisahau kwamba katika tamthilia ya Čapek roboti hawakuwa vipande vya chuma. Walikuwa viumbe wenye umbo la watu, nao mwishowe waliasi. Tangu siku ya kwanza, kwa hiyo, neno hili lilibeba ndani yake shaka ile ile iliyoligawa darasa langu: huyu ni nani, au hiki ni nini?

Zama za michezo ya mapigano

Mnamo mwaka 1991 kampuni ya Kijapani iitwayo Capcom ilitoa mchezo wa Street Fighter II. Ulikuwa mchezo wa kumbi za sarafu, yaani kumbi ambamo mchezaji alitia sarafu katika mtambo mkubwa uliosimama kama kabati, akacheza mpaka ashindwe. Watu wawili walisimama bega kwa bega, kila mmoja akiongoza mpiganaji wake kwa kijiti na vibonye. Mafanikio yake yalikuwa makubwa, na kila kampuni ikataka kuwa na mchezo wa namna hiyo. Mwaka 1992 Wamarekani wa kampuni ya Midway wakatoa Mortal Kombat, wenye picha zilizopigwa kwa watu halisi na damu nyingi. Damu hiyo ilizua kelele hata katika Baraza la Seneti la Marekani, ambako vikao juu ya ukatili katika michezo ya video vilifanyika Desemba 1993. Mwaka uliofuata wenye viwanda wakaunda chombo chao cha kupanga michezo kwa umri wa wachezaji.

Lakini neema hiyo yote ilikuwa ya kumbi za sarafu na ya mitambo midogo ya nyumbani iliyounganishwa na televisheni. Mwenye kompyuta ya kawaida, ile ya ofisini au ya masomo, aliambulia makombo. Kompyuta hizo, zilizotumia mfumo uitwao DOS, zilikuwa hodari wa hesabu na barua, si wa kurusha picha upesi. Waliojaribu kuhamishia kwake michezo ya kumbi za sarafu mara nyingi walitoa kitu kizito, chenye kuchelewa, kama mtu anayecheza ngoma akiwa na mzigo kichwani.

Hapo ndipo walipoingia watu wa Diversions Entertainment, kundi dogo ambalo miongoni mwa viongozi wake walikuwa Rob Elam na Ryan Elam. Jaribio lao la kwanza lilikuwa na watu wawili tu wakipigana karate, si roboti. Lakini jina One Must Fall lilikuwako tayari. Baadaye wakawaacha karateka wale, wakachukua roboti, wakauhamisha mchezo mpaka mwaka 2097. Muziki ulitungwa na Kenny Chou, aliyekuwa fundi wa kutunga muziki kwa kompyuta. Mchapishaji alikuwa Epic MegaGames, kampuni ya Tim Sweeney. Oktoba 1994 mchezo ukatoka.

Hadithi na wapiganaji

Hadithi ya mchezo ni nyepesi, lakini haikosi busara. Katika mwaka 2097 shirika kubwa la kibiashara lataka kumchagua atakayetawala makazi ya binadamu katika Ganymede, mwezi mkubwa kuliko yote ya sayari ya Mshtarii, ule alioutambua Galileo mwaka 1610. Uchaguzi haufanywi kwa kura wala kwa elimu. Hufanywa kwa mapigano. Wagombea kumi, wanawake kwa wanaume, hawapigani kwa miili yao bali kwa roboti wakubwa wanaowaongoza. Juu yao wote yuko Meja Hans Kreissack na roboti wake Nova, ambaye ndiye kikwazo cha mwisho. Majina ya hao kumi yatoka pande nyingi za dunia: yuko Ibrahim, yuko Shirro, yuko Jean-Paul, yuko Milano. Herufi za kwanza za jina la shirika hilo, kwa Kiingereza, zasomeka "vita". Mwandishi wa hadithi hakutaka kuficha maoni yake.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba mchezaji huchagua mara mbili. Kwanza humchagua rubani, kisha humchagua roboti. Kila rubani ana vipimo vyake vitatu: nguvu, wepesi na ustahimilivu. Kila roboti naye ana umbo na mbinu zake. Rubani mwepesi akimwongoza roboti mzito hupata mpiganaji wa tatu, asiyefanana kamili na yeyote kati yao. Kwa kuwa marubani walikuwa kumi na roboti kumi, michanganyiko ilifika mia moja. Katika michezo mingine ya zama hizo mpiganaji na mwili wake vilikuwa kitu kimoja. Hapa mtu na chombo vilitenganishwa, kisha vikaunganishwa tena.

Roboti wenyewe walipewa tabia zilizo wazi. Jaguar huruka kumshukia adui. Shadow hutoa vivuli vyake vikapiga mahali pake. Flail huzungusha minyororo. Shredder hurusha mikono yake mwenyewe ikaenda kushambulia mbali naye. Chronos, ambaye jina lake ni neno la Kiyunani lenye maana ya wakati, humgandisha adui akasimama kama aliyesahau alichotaka kufanya. Apigwapo roboti hakuna damu. Huruka vipande vya chuma. Ushindi ukikamilika, mshindi aliyezijua mbinu za siri aliweza kumvunjavunja mshindwa mpaka akabaki chuma chakavu. Kwa njia hii watungaji walipata msisimko wa Mortal Kombat bila kumwaga tone la damu ya binadamu.

Uwanja unaopigana

Sasa nafika kwenye kiini cha makala. Sisi tunasema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika methali hiyo uwanja hauna sauti. Nyasi zipo tu ili zikanyagwe. Michezo mingi ya mapigano ya mwanzoni ilifuata fikra hiyo hiyo. Nyuma ya wapiganaji palichorwa soko, hekalu au bandari, na watu wakishangilia, lakini yote hayo yalikuwa pazia. Ungeweza kulibadilisha pazia na pambano lisibadilike. Wachache walianza kulichungulia jambo hili. Katika Mortal Kombat, kwa mfano, palikuwa na daraja ambalo mshindi aliweza kumtupa adui chini kwenye miiba. Lakini hayo yalitokea pambano likiwa limekwisha. Yalikuwa mapambo ya ushindi. Ushindi wenyewe ulikuwa umepatikana kwa njia nyingine.

Katika One Must Fall nyasi ziliinuka. Viwanja vilikuwa vitano. Kimoja, kiwanja cha michezo chenye watazamaji, kilikuwa cha amani, hakina hatari yoyote ila adui. Katika kituo cha umeme, roboti aliyerushiwa ukutani aliweza kupigwa na umeme uliomo humo. Katika jangwa, ndege za kivita zilipita juu zikimwaga risasi, wala hazikuuliza nani ana haki. Katika uwanja mwingine miiba ilichomoza sakafuni. Hatari hizi hazikungoja mwisho wa pambano. Zilikuja pambano likiwa moto, na zilimpiga yeyote aliyekuwa amesimama vibaya.

Tuangalie jambo hili lilivyobadili akili ya mchezo. Katika uwanja mtupu, mpiganaji huuliza maswali mawili: adui yuko wapi, na atafanya nini? Katika uwanja wenye hatari huuliza la tatu: mimi nimesimama wapi? Aliyeukaribia ukuta wa umeme amekwisha kupoteza kitu hata kabla hajapigwa. Mchezaji dhaifu aliweza kumshinda hodari kwa kumrudisha nyuma hatua mbili tu, mpaka mahali ambapo uwanja wenyewe ungemalizia kazi. Nguvu ikawa na mshindani mpya, nao ni ujuzi wa mahali.

Kwa Mswahili fikra hii si ngeni hata kidogo. Mchezaji wa bao ajua kwamba ubao si mashimo matupu ya kuwekea kete. Ile nyumba ina sheria yake, kichwa na kimbi vina sheria yake, na kete ile ile moja hubadilika thamani kwa mahali ilipo. Fundi wa bao huyasoma mashimo kabla ya kuzisoma kete. Watungaji wa mchezo wa roboti hawakuwa na habari za bao letu, na sidai kwamba walituiga. Nasema tu kwamba walifika kwenye ukweli ambao wazee wetu wa barazani wameukalia miaka mingi.

Watungaji walifanya na jambo jingine la adabu: yeyote asiyetaka hatari za uwanja aliweza kuzifunga kabla ya kuanza. Wale waliotaka kupimana kwa ustadi mtupu walizifunga, na wale waliotaka dunia iingilie kati waliziacha wazi. Mabishano baina ya makundi hayo mawili ni ya zamani kuliko kompyuta. Je, pambano la haki ni lile lililotengwa na dunia, au ni lile ambalo dunia imo ndani yake? Ningefurahi kuisikia hoja hiyo ikijadiliwa na kidato cha tatu kwa Kiswahili sanifu.

Mashindano na gharama ya ushindi

Palikuwa na namna ya pili ya kucheza, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyowashika wachezaji kwa muda mrefu. Mchezaji aliunda rubani wake mwenyewe, akampa jina, akamnunulia roboti, akampaka rangi alizozipenda, kisha akamwingiza katika mashindano manne yaliyopandana kwa ugumu kama ngazi. Alianza chini kabisa na chombo hafifu. Kila ushindi ulimletea fedha, na kwa fedha hizo aliongeza nguvu za mikono, kasi ya miguu, unene wa ngao na uwezo wa kustahimili kizunguzungu cha mapigo. Akikusanya za kutosha aliweza kumbadilisha roboti wake kwa mwingine.

Lakini hesabu ilikuwa na safu mbili. Baada ya kila pambano mchezo ulionyesha mapato, kisha ukatoa gharama za matengenezo. Aliyeshinda huku chombo chake kimevunjikavunjika alijikuta na faida ndogo. Kwa hiyo haikutosha kushinda; ilibidi kushinda kwa kujitunza. Wachezaji wengi walikuwa vijana, na sidhani kwamba walidhani wanajifunza uangalifu wa mali. Ndivyo mafunzo mema yalivyo: huingia mlango wa nyuma.

Chema chajiuza?

Sasa tuulize: mchezo wenye sifa hizi zote ulisahauliwaje? Hapa yafaa tuulinganishe na ndugu yake wa mwaka ule ule. Mwishoni mwa 1994 Waingereza wa kampuni ya Mirage walitoa Rise of the Robots, nao pia mchezo wa roboti wanaopigana. Ulitangazwa kwa fahari kubwa. Picha zake ziling'aa kama chuma kilichosuguliwa. Brian May, mpiga gitaa mashuhuri wa bendi ya Queen, alihusishwa na muziki wake. Ulipochezwa, hata hivyo, palikuwa na upungufu mkubwa. Aliyecheza peke yake hakuruhusiwa kumchagua mpiganaji, bali alipewa yule mmoja tu. Hakuweza kuruka akatua upande wa pili wa adui. Wengi waligundua kwamba teke moja la kuruka, likirudiwa rudiwa, lilitosha kuwashinda wapinzani wengi. Wachezaji walisikitika, na baadhi ya majarida yakaukemea vikali.

Methali yetu yasema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kisa hiki methali yaonekana kuvunjika. Kibaya kilijitembeza, naam, na mpaka leo jina lake hutajwa kila zinaposimuliwa habari za michezo ya roboti, ijapokuwa kwa kejeli. Chema hakikujiuza vya kutosha, na jina lake likafifia. Ubaya wenye matangazo ulipata kumbukumbu ambayo wema usio na matangazo haukuipata.

Lakini tusiihukumu methali upesi, kwani njia iliyotumiwa kuuza One Must Fall ilikuwa ya ajabu kidogo. Tangu mwaka 1987 Mmarekani Scott Miller, mwenye kampuni ya Apogee, alikuwa ameeneza desturi ya kugawa mchezo vipande. Sehemu ya kwanza ilitolewa bure, kila mtu akaruhusiwa kuinakili na kumpa mwenzake. Aliyependezwa alituma fedha, akaletewa sehemu zilizobaki. Doom, mchezo uliotikisa dunia Desemba 1993, ulipita njia hiyo. Epic MegaGames nao waliifuata. Disketi zilipita mkono kwa mkono, kama tungo zinavyonakiliwa kutoka daftari hadi daftari. Watu wengi waliupata mchezo kwa rafiki, wakaucheza sehemu ya bure mpaka wakaujua kwa moyo, wala wasitume fedha. Kwa hiyo mchezo ulikuwa na wapenzi wengi kuliko wanunuzi. Chema kilijitembeza chenyewe, lakini kwa miguu mitupu.

Ziko sababu nyingine. Mapigano ya video yalikuwa mali ya kumbi za sarafu na ya mitambo ya televisheni, nao One Must Fall haukutokea huko. Wachezaji wawili waliokosa vijiti ilibidi wabanane kwenye baobonye moja, viwiko vikigongana. Isitoshe, zama zilikuwa zikibadilika. Virtua Fighter ya mwaka 1993 ilikuwa imeleta wapiganaji wenye kina, wanaoweza kuzungukwa na macho pande zote. Desemba 1994 mtambo wa PlayStation ulianza kuuzwa nchini Japani. Mwaka 1995 ikaja Windows 95, na DOS ikaanza kuzeeka. Mchezo ulitoka saa ya magharibi, jua lake likizama. Hata mchapishaji wake aligeukia mambo mengine: mwaka 1998 alitoa Unreal, mwaka 1999 akafupisha jina likawa Epic Games, na mwaka 2017 akapata umaarufu mpya kwa Fortnite. Mamilioni wanaolijua jina la Epic hawajui kwamba palikuwa na roboti hawa kabla yao.

Walioinua kilichoanguka

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1999 wenyewe waliuachilia mchezo wote kamili, kila mtu auchukue bila malipo. Mwaka 2003 Diversions Entertainment walitoa mrithi wake, One Must Fall: Battlegrounds, wenye picha za kina na viwanja vyenye hatari nyingi zaidi, lakini huo haukupata kupendwa kama mzazi wake.

Wakati huo kulikuwa na hatari kubwa kuliko kutopendwa. Kompyuta mpya hazikuielewa tena DOS. Mchezo uliokuwa bure sasa haukuwa na mahali pa kuchezewa, kama wimbo ambao ala yake imepotea. Waliouokoa ni watu wa kujitolea. Mwaka 2002 ilitolewa programu ya DOSBox, ambayo huifanya kompyuta mpya ijifanye ya zamani. Baadaye wapenzi wengine walianzisha mradi wa OpenOMF: waliichunguza tabia ya mchezo hatua kwa hatua, wakauandika upya ili uchezwe katika kompyuta za leo. Ni kazi ya uvumilivu mwingi. Pigo lazima lidumu muda ule ule, roboti aruke kimo kile kile, ukuta uumize kiasi kile kile. Si tofauti na kazi ya mhakiki anayelinganisha nakala mbili za utenzi wa zamani ili ajue mshairi aliandika nini hasa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu historia ya vyombo vya burudani mara nyingi huandikwa na soko. Soko hukumbuka kilichouzwa. Halikumbuki kilichofikiriwa vizuri kikauzwa kidogo. Viwanja vyenye kushiriki pambano vilikuja kusifiwa katika michezo ya baadaye, kama vile Power Stone na Super Smash Bros., yote miwili ya mwaka 1999, na wengi huidhani fikra hiyo ilianzia huko. Kama pasingekuwa na watunzaji, tusingekuwa na ushahidi wa kuwaambia kwamba miaka mitano kabla, katika kompyuta za ofisini, ukuta ulikwisha kujua kupiga.

Hitimisho: aanguke au ianguke?

Nilirudi darasani na jibu langu. Niliwaambia wanafunzi kwamba Kiingereza chaweza kusema one bila kutueleza kama huyo "mmoja" ni mtu au kitu. Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Kabla hatujamwangusha yeyote, sharti tuamue ni nani. Katika mchezo huu roboti peke yake ni chuma, lakini ndani ya mwendo wake mna nia ya binadamu, na nia hiyo ndiyo inayoshindwa. Kwa hiyo aliyesema "roboti anarushwa" hakukosea. Vilevile sungura wa ngano zetu husema na kupanga hila. Na roboti akiwa ametupwa ghalani bila rubani? Hapo, wakajibu wenyewe, "imetupwa". Nikaridhika. Ngeli ilikuwa imewafundisha hadithi, nayo hadithi ikawa imewafundisha ngeli.

Na ukuta? Mwandishi wa insha aliulizwa ajitetee. Akasema: "Mwalimu, jua linachoma, mvua inanyesha, njaa inauma. Kwa nini ukuta usipige?" Darasa halikucheka tena. Nilimpa alama zake zote.

Katika nchi zetu hizi, ambako wanafunzi wengi hukijia Kiswahili baada ya lugha nyingine ya nyumbani, twalalamika mara kwa mara kwamba vijana wameviacha vitabu wakashika michezo. Huenda ni kweli. Lakini michezo hiyo nayo ina watungaji, zama, mabishano na mauti yake, na kijana anayeipenda ana mengi ya kusema juu yake kama akipewa lugha ya kuyasemea. Tukimnyima lugha hiyo, atayasema kwa lugha nyingine, au atanyamaza. Na hapo kitakachokuwa kimeanguka si roboti.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "lazima mmoja aanguke" na "lazima moja ianguke". Tunga sentensi tano zenye neno "roboti", na utetee upatanisho uliouchagua katika kila moja.

2. Methali "chema chajiuza, kibaya chajitembeza" ina ukweli kiasi gani katika kisa hiki? Toa mfano mmoja kutoka mazingira yako.

3. Chagua mchezo wa jadi wa kwenu. Eleza jinsi uwanja au ubao wake unavyoathiri ushindi.

4. Mwulize mzee mmoja akueleze mchezo aliocheza utotoni ambao hauchezwi tena. Andika kanuni zake kwa ukamilifu, ili asiyeuona kamwe aweze kuucheza.